Mafuta ya uso: Neno "asili" lisitupumbaze



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyemuumba mwanaadamu akamtengeneza na kumpamba. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumeona tulizungumze jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona dogo, la kina mama na mabinti, lisilostahiki nafasi katika ukurasa huu. Nalo ni suala la mafuta ya kupaka usoni, na hasa haya maji mazito yauzwayo siku hizi katika vichupa vidogo vyenye kitone, yaitwayo seramu, ambayo muuzaji hakosi kuyasifu kuwa ni ya asili. Hatukulichagua jambo hili kwa kukosa la kusema. Tumelichagua kwa sababu limeingia majumbani mwetu, na limeacha majeraha.

Katika mtaa wetu palikuwa na binti aliyekuwa akisubiri siku ya nikaha yake. Miezi miwili kabla, mama yake mzazi, kwa mapenzi tu ya mama kwa mwanawe, alimnunulia kichupa cha seramu kutoka kwa mwanamke mmoja waliyekuwa wakijuana naye. Kichupa hakikuwa na maandishi yoyote isipokuwa jina la kupendeza. Muuzaji aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa ndani yake hamna ila habbasoda, asali na mafuta ya zeituni. Wiki za mwanzo uso uling'aa, chunusi zikatoweka, na rangi ikaanza kufunguka. Majirani wakasifu. Kisha seramu ikaisha, na muuzaji alikuwa safarini. Haikupita wiki mbili uso ukawa mwekundu, ukawasha, ukajaa vipele, na ngozi ikawa nyembamba kiasi kwamba hata maji ya udhu yalikuwa yakimchoma. Daktari wa ngozi alipomtazama alisema kuwa dalili zile ni za mtu aliyetumia dawa kali ya jamii ya steroidi kisha akaikatisha ghafla. Binti alikaa siku ya walima uso wake ukiwa umefunikwa, si kwa haya ya bibi harusi, bali kwa kuficha maumivu.

Tumelitaja tukio hili bila ya kumtaja mtu, kwani lengo letu si kumfedhehesha yeyote. Lengo letu ni kuuliza: ni lipi lililowafanya mama na binti, watu wenye akili zao timamu, waamini kichupa kisicho na maandishi? Kwa maoni yetu jibu ni neno moja tu, nalo ni "asili". Neno hili limekuwa kama kanzu nyeupe. Kila aivaaye hudhaniwa kuwa ni mwema.

Uislamu haukatazi kujipamba. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na yeye mwenyewe alikuwa akizitunza nywele zake na kujipaka mafuta na manukato. Mama zetu wa pwani nao walirithishana liwa, singo, maji ya mawaridi na asumini, na mwali hakutoka ndani ila ngozi yake imelainika na kunukia. Hatuyasemi haya kwa kuyadharau. Tunalolisema ni kwamba bibi aliyesaga liwa kwa mkono wake alijua nini alichokitia. Sisi leo tunapaka tusichokijua, tukaridhika kwa kuwa tumeambiwa ni cha asili.

Na hata kile ambacho kwa hakika ni cha asili, si kila kimoja kinafaa usoni. Upupu ni wa asili, na sumu ya nyoka ni ya asili. Zebaki, ambayo ni sumu ya figo na ya mishipa ya fahamu, ni madini yanayochimbwa ardhini. Tuchukue mfano wa ndimu, iliyo katika kila jiko. Wapo wanaoikamua na kupaka usoni ili kuondoa madoa. Ngozi ya mwanaadamu ina uchachu wake mdogo unaoilinda na vijidudu, lakini uchachu wa ndimu unauzidi ule wa ngozi kwa mamia ya mara. Isitoshe, ndani ya ndimu mna vitu ambavyo vikipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza, ikafanya malengelenge na kuacha alama nyeusi za muda mrefu. Mtu amekusudia kuondoa doa moja akajipatia kumi. Hali kadhalika mafuta ya karafuu na ya mdalasini: yananukia vizuri na yana manufaa yake, lakini yakipakwa usoni bila ya kuchanganywa na mafuta mengine huchoma.

Basi tuanze pale inapopasa kuanza, napo si dukani, bali ni kwenye kioo. Kabla ya kuuliza "mafuta gani ni mazuri?", mtu ajiulize "ngozi yangu ni ya namna gani?" Njia ya kujua ni nyepesi. Mtu aoshe uso kwa sabuni isiyo kali, aufute taratibu, kisha akae muda wa saa moja bila ya kupaka chochote. Baada ya hapo autazame na kuugusa kwa karatasi laini. Ikiwa karatasi imelowa mafuta kila mahali, hiyo ni ngozi ya mafuta. Ikiwa uso unavuta, umekakamaa na kufanya magamba madogo, hiyo ni ngozi kavu. Ikiwa paji la uso, pua na kidevu vina mafuta lakini mashavu ni makavu, hiyo ni ngozi ya mchanganyiko, nayo wanayo watu wengi. Na iko ngozi ambayo kila ikiguswa na kitu kipya huwasha au kupata wekundu. Hiyo ni ngozi nyepesi kudhurika, iwe ina mafuta au ni kavu.

Mwenye ngozi ya mafuta, na hasa vijana wetu wa kike na wa kiume wanaosumbuliwa na chunusi, ajue kwamba mafuta yale hutoka katika tezi zilizo chini ya ngozi, na chunusi huanza pale vitundu vya ngozi vinapozibwa. Kwa hiyo apakacho usoni kisiwe kizito. Hapa ndipo tunapolazimika kusema neno ambalo watu wa pwani hawatalifurahia: mafuta ya nazi, pamoja na uzuri wake kwa nywele na kwa mwili, ni katika mafuta yajulikanayo kuziba vitundu vya ngozi ya uso yenye chunusi. Siagi ya kakao nayo ni hivyo hivyo. Linalomfaa zaidi mtu huyu ni ute wa mshubiri, au matone mawili matatu ya mafuta mepesi kama ya alizeti au ya jojoba. Auchukue ule ute mweupe wa katikati ya jani la mshubiri tu, na aache yale maji ya manjano yaliyo karibu na ganda, kwani hayo huwasha. Wala asidhani kwamba kuusugua uso mara kumi kwa sabuni kutamwondolea tatizo, kwani ngozi inayosuguliwa kupita kiasi hukauka na kujeruhika, na chunusi hubaki pale pale.

Mwenye ngozi kavu hali yake ni kinyume. Huyu upungufu wake si wa mafuta peke yake, bali ni wa maji, na mafuta kazi yake ni kuyazuia maji yasiondoke. Ndiyo maana mafuta yakipakwa juu ya ngozi iliyokauka kabisa hayamsaidii sana. Apake wakati uso ungali na unyevu, na Muislamu amerahisishiwa jambo hili, kwani hutia udhu mara kadhaa kwa siku. Baada ya udhu wa Isha, kabla uso haujakauka vizuri, matone machache ya mafuta ya lozi au ya ufuta yanatosha. Glisirini nayo, ambayo mama zetu wanaijua tangu zamani, huvuta maji na kuyaweka katika ngozi. Ila ichanganywe na maji safi, isipakwe peke yake. Watu wazima nao, ambao ngozi zao hukauka kadiri umri unavyosogea, wafuate njia hii.

Mwenye ngozi ya mchanganyiko halazimiki kuupaka uso mzima kitu kimoja. Ute wa mshubiri kwenye paji la uso na pua, na mafuta mepesi kwenye mashavu, hayo yanamtosha. Ama mwenye ngozi nyepesi kudhurika, kanuni yake ni uchache: kitu kimoja au viwili visivyo na manukato. Mchanganyiko wa vitu kumi na tano vya asili kwake ni hatari kumi na tano. Ajihadhari na mafuta ya harufu kali, na hata maji ya mawaridi ayachunguze, kwani mengi yauzwayo ni maji yaliyotiwa manukato tu.

Huenda msomaji akauliza: vipi kuhusu mafuta ya zeituni, mti uliotajwa katika Qur'ani kuwa ni wenye baraka, na ambao Mtume (S.A.W.) alituhimiza tuyale mafuta yake na tujipake? Swali hili ni la haki na halifai kukwepwa. Baraka ya mti huo hatuitilii shaka. Lakini upo utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwa watu wazima, ulioonyesha kuwa mafuta ya zeituni yalipopakwa kwa wiki kadhaa yaliudhoofisha ukuta wa juu wa ngozi, ilhali ya alizeti hayakufanya hivyo. Je, hapo pana mgongano? Sisi hatuuoni. Asali nayo imetajwa katika Suratun Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, na hata hivyo mgonjwa wa kisukari huambiwa na tabibu wake awe na kiasi, na wala hakuna mwanachuoni anayemwambia kuwa ameikanusha Aya. Kitu kuwa na kheri hakuna maana kuwa kinamfaa kila mtu, kwa kila kiungo na kwa kila kiasi. Mwenye kuyatumia mafuta ya zeituni mwilini mwake na yakamfaa, na aendelee. Mwenye uso unaowasha au wenye chunusi asilazimishwe, wala asionekane kuwa imani yake imepungua. Hali ni hiyo hiyo kwa mafuta ya habbasoda, ambayo baadhi ya watu huwatoa ukurutu pindi yanapowagusa.

Hapa tunafikia kwenye jambo zito. Wapo wafanyabiashara walioona kwamba Waislamu wakisikia neno Sunna hawaulizi tena. Basi hupachika jina la Sunna juu ya kila kichupa. Tunawakumbusha ndugu zetu hao kisa kinachojulikana cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono wake katika lundo la chakula akakuta kimelowa ndani, hali ya juu kikiwa kikavu. Alimkemea mwenye mali kwa kutokiweka kile kilicholowa juu watu wakakiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Je, ni ghushi gani iliyo kubwa zaidi kuliko kutia dawa ya steroidi ndani ya mafuta kisha ukaapa kuwa ni asali na habbasoda? Tena imepokewa kuwa mwenye kujitia utabibu ilhali hajulikani kuwa na elimu hiyo, basi dhamana ya madhara ni juu yake. Hao wanaotugawia seramu kwa siri wajue kwamba uso wa mtoto wa mwenzao uko katika dhamana yao, duniani na mbele ya Mola wao.

Hatari hizi si za kubuni. Katika vichupa na makopo ya namna hii, na katika ule mchanganyiko tuuitao mkorogo, mambo matatu ndiyo yanayoogopwa zaidi. La kwanza ni zebaki, ambayo hupenya katika ngozi na kudhuru figo, na mama mjamzito huweza kumfikishia mtoto aliye tumboni. Dunia imekubaliana kuipiga vita: Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuwa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe kufikia mwaka 2025. La pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu bila ya usimamizi wa daktari huweza kuacha mabaka meusi yenye ubuluu usoni, magumu mno kuondoka. Afrika Kusini, ambako madhara hayo yalionekana kwa wingi, iliipiga marufuku mwaka 1990. La tatu ni hizo dawa za steroidi, ambazo ni dawa njema mkononi mwa daktari kwa maradhi maalumu, lakini zikipakwa usoni kila siku huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikatoa michirizi na vidonda vikachelewa kupona.

Kwa hiyo tunawanasihi wasomaji wetu mambo machache. Kwanza, usinunue chupa isiyo na orodha ya vilivyomo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tanzania Bara vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, Zanzibar kuna Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), na Kenya kuna KEBS. Tuwe na mazoea ya kuitazama alama na kuuliza. Pili, seramu ya asili ikigeuza rangi ya uso kwa wiki mbili, usishangilie, bali ogopa. Ute wa mshubiri na mafuta ya alizeti havina uwezo huo. Tatu, kijaribu kila kitu kipya kwa kupaka kidogo upande wa ndani wa mkono, pale pale mahali pamoja, asubuhi na jioni, kwa siku 7 hadi 10, kabla hakijafika usoni. Nne, mafuta yawekwe katika chupa ya rangi nyeusi mbali na joto na jua, na yakichacha yatupwe. Ama vitu vyenye maji vinavyotengenezwa nyumbani, kama ute wa mshubiri, huota vijidudu upesi. Vifanywe kidogo kidogo, viwekwe kwenye friji na vitumike ndani ya siku chache. Tano, jambo jipya usilianze karibu na harusi. Uso hauna haraka, ila sisi ndio tuna haraka.

Na kwa kuwa swali hili huulizwa mara kwa mara, tuseme: mafuta mepesi yanayoingia katika ngozi na yasiyoacha tabaka la kuzuia maji hayaharibu udhu, kama walivyobainisha wanachuoni. Kinachoangaliwa ni kile kinachofanya utando mnene usiopitisha maji, na hicho kiondolewe kwanza.

Yapo pia maradhi yasiyo ya mafuta wala ya seramu. Chunusi zinazoacha makovu, madoa yanayotanda mashavuni wakati wa ujauzito, na ukurutu usiokoma ni mambo ya daktari. Ndugu zetu wenye ualbino nao wanahitaji kinga ya jua kabla ya kitu chochote kingine. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na huko huko ndiko ilikoanzishwa kazi ya kuwatengenezea watu wenye ualbino mafuta ya kukinga jua. Elimu hiyo iko karibu nasi, basi kwa nini tuwakimbilie wenye vichupa visivyo na jina?

Tukirudi kwa yule binti, kwa rehema za Mwenyezi Mungu uso wake ulipona, lakini ulichukua muda mrefu, na baadhi ya alama zingalipo. Mama yake anasema kinachomuumiza zaidi si kile kichupa, bali ni neno alilolisema siku alipokileta: "Upake, mwanangu, upate kupendeza." Ndipo alipojiuliza ni nani aliyemwambia kuwa mwanawe hakuwa akipendeza. Hapa, ndugu zetu, ndipo penye shina la tatizo. Binti anayesikia tangu utotoni kuwa ndugu yake mweupe ndiye mzuri, hata tukimtungia orodha ya mafuta salama, ataendelea kukitafuta kichupa chenye ahadi. Tena wapo akina baba wanaokunja uso wakisikia habari za mkorogo, ilhali wao ndio wa mwanzo kutaja rangi wanapowatafutia vijana wao wachumba.

Tuwafundishe watoto wetu kuwa rangi zetu zimetajwa katika Suratur Rum miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, pamoja na kutofautiana kwa lugha zetu. Ishara haifutwi, bali huzingatiwa. Uso ni amana. Tuuoshe, tuupake kinachoufaa, tuukinge na kinachoudhuru, kisha tumshukuru aliyetupa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye walioumia, awaongoze wauzaji wetu katika ukweli, na atujaalie kuridhika na alichotupa. Wabillahi tawfiq.